Kobe: Msichana Mmoja, Nyuso Mia Nne

Ukishuka garimoshi mjini Kobe, Japani, unaona mji mwembamba uliobanwa kati ya milima ya Rokko na bandari. Wageni wengi huja kutazama jinsi ulivyojengwa upya baada ya tetemeko la Januari 17, 1995, lililoua zaidi ya watu 6,000. Mimi, mpenzi msomaji, nilivutiwa na kitu kidogo ambacho wengi hukipita bila kukitupia jicho: kibanda cha picha za papo kwa papo.

Humo Wajapani hupiga picha za vitambulisho na za kubandika kwenye fomu za kuomba kazi. Unafunga pazia, unatia pesa, unatulia.

Tomoko Sawada, mzaliwa wa Kobe mwaka 1977, alianza mwaka 1998 kuingia katika kibanda cha aina hiyo tena na tena. Kila mara alibadilisha nywele, nguo na vipodozi. Alitoka na sura 400, zote zake, na ungeapa ni watu 400 mbalimbali.

Mwaka 2001 alikwenda katika studio ya picha akapigwa picha 30, nyingine akiwa amevaa kimono, nyingine amevaa gauni. Kazi hiyo aliiita OMIAI. Omiai ni desturi ya kukutanishwa na mchumba kupitia mshenga. Kabla ya kukutana, picha ya binti hupelekwa kwa familia ya mwanamume, nao huipima: huyu mpole, yule mkali, huyu hafai.

Uzito wa jambo hilo utauelewa ukijua kwamba katika miaka ya 1980 msichana aliyepita umri wa miaka 25 bila kuolewa alifananishwa na keki ya Krismasi: tarehe 25 ikipita, hainunuliwi.

Wahenga walisema, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Sawada anatugeuzia methali hiyo. Mkakasi ameupaka rangi mara 400. Nani kati yetu aliyejishughulisha kuufungua?

Nami niliingia kibandani. Kabla mashine haijawaka, nilijikuta nimenyoosha kola, nimelaza nywele kwa kiganja na kufumba mdomo. Hakuna aliyeniagiza. Nilimkumbuka binti yangu nyumbani, anavyosimama mbele ya kioo kila asubuhi, nami hugonga mlango nikimhimiza aharakishe. Sijawahi kumuuliza anajitengeneza kwa ajili ya nani.