Tulivyowangoja Scampton

Sisi mafundi wa ndege hatukuambiwa marubani wetu wanakwenda wapi. Kikosi namba 617 cha jeshi la anga la Uingereza kiliundwa Machi 1943 pale Scampton, Lincolnshire, chini ya Guy Gibson, kijana wa miaka 24. Walifanya mazoezi ya kuruka chini mno, hata ndege nyingine zikarudi na vijiti vya miti.

Kisha zikaletwa ndege za Lancaster za ajabu: milango ya tumboni hakuna, kibanda cha bunduki cha mgongoni hakuna, na mahali pa mabomu pananing'inia pipa la chuma la tani nne na ushei. Mota ililizungusha kinyumenyume mizunguko 500 kwa dakika, ili likidondoshwa lidunde juu ya maji, ligonge ukuta wa bwawa, lizame na kulipukia chini. Kila ndege ilifungwa taa mbili tumboni. Miale yake ikikutana majini, rubani yuko futi 60 kamili. Usiku, adui akimwona waziwazi! Niliwaonea huruma kabla hawajaondoka.

Jioni ya 16 Mei, kuanzia saa tatu na nusu, ndege 19 ziliondoka, kila moja na watu saba. Uwanja ulikuwa wa nyasi, na ndege zilikuwa nzito; zilichukua muda kunyanyuka. Usiku wa manane moja ikarudi bila bomu. Iligusa bahari karibu na Uholanzi, maji yakaling'oa bomu, na mpiga bunduki wa mkiani nusura azame akiwa kitini mwake.

Alfajiri tuliishi kwa masikio. Zilirudi 11 tu. Bwaloni wasichana wa jeshi la anga walikuwa wameandaa meza za wote. Watu 53 walikufa, 3 wakatekwa. Barnes Wallis, mhandisi aliyelibuni bomu lile, alilia kwa ajili yao.

Magazeti yalishangilia kupasuliwa kwa mabwawa ya Möhne na Eder, Ujerumani. Mimi siwezi kulisimulia hilo bila waliokuwa bondeni: mafuriko yaliua zaidi ya watu 1,200, wengi wao wafanyakazi wa kulazimishwa, wakiwemo wanawake kutoka Ukraine, waliofungiwa kambini.

Vita havikutupa nafasi ya kuomboleza. Septemba ndege 8 zilitumwa kwenye mfereji wa Dortmund-Ems, 5 zikapotea. Les Knight, aliyelipasua bwawa la Eder, alikuwamo. Ndege yake ilipoharibika aliishikilia angani hadi wenzake saba wakaruka kwa miavuli, wote wakapona. Yeye alikufa nayo.