Shahidi Mwenye Umri wa Miaka 80

Mjukuu wangu, huo mwaka 1977 unaousoma vitabuni, mwaka iliozaliwa CCM na kufa Jumuiya yetu ya Afrika Mashariki, mimi nilikuwa mbali, mwanafunzi huko Richmond, Virginia. Nilipanga chumba kwa bibi mmoja mjane, Mmarekani Mweusi, ambaye maisha yake yote alikuwa akifua na kupiga pasi nguo za watu. Rais Jimmy Carter ndiyo kwanza alikuwa ameapishwa. Baridi ya Januari ile iligandisha hata maji ya Ghuba ya Chesapeake, na kahawa ilikuwa haishikiki: jalidi ya 1975 ilikuwa imeua mibuni ya Brazil, na mwaka ule wa 1977 ratili moja dukani ikapita dola tatu. Wakulima wetu wa Kilimanjaro walikuwa wakineemeka, lakini bibi yule alichemsha mashapo yaleyale mara mbili, na harufu yake ya kuungua ndiyo iliyojaa sebuleni usiku nane mfululizo tulipokaa kutazama filamu ya televisheni, Roots, kisa cha ukoo wa mwandishi Alex Haley tangu kwa Kunta Kinte wa Gambia.

Filamu ilipokwisha, kila mtu mtaani alitaka kujua katoka wapi. Bibi alitoa Biblia ya familia, iliyoandikwa ndani waliozaliwa na waliokufa kwa wino wa kila rangi, tukaanza kurudi nyuma: mama yake, nyanya yake, mama wa nyanya yake. Tukafika sensa ya 1870, tukakwama. Hiyo ndiyo ya kwanza iliyowaandika kwa majina yao wale waliotoka utumwani. Za 1850 na 1860 zinataja jina la mwenye mali, kisha chini yake umri, jinsia na rangi ya watumwa wake tu: mwanamke, miaka 30, mtoto wa kike, miaka 4, mstari baada ya mstari. Bibi alipitisha kidole juu ya mistari ile asiseme neno. Baadaye akaniambia twende kaunti ya Northumberland, alikozaliwa nyanya yake, maana vitabu vya korti ya kule vinaanzia 1650.

Tulikwenda kiangazi. Upepo ulivuma kutoka Reedville, kwenye viwanda vinavyochemsha samaki wadogo wenye mafuta, na harufu ile ilinirudisha nyumbani kwenye vichanja vya dagaa. Katika korti ya Heathsville alitupokea karani, mama wa Kizungu mwenye miwani ya mnyororo. Aliposikia tunatafuta wanawake Weusi wa zamani, akafungua kitabu kinachonuka ngozi kavu, akatusomea taratibu, maana mwandiko wenyewe ulikuwa kama nyayo za kuku. Ilikuwa kesi ya Elizabeth Key. Baba yake, Thomas Key, alikuwa Mwingereza mwenye mashamba na mjumbe wa bunge la koloni. Mama yake alikuwa mtumwa Mwafrika, na jina lake halikuandikwa. Mwaka 1636 baba alimkabidhi binti kwa Humphrey Higginson amtumikie miaka tisa, kisha awe huru. Miaka tisa ikapita, ikaongezeka kumi, naye sasa yuko kwa Kanali John Mottram. Mottram alipokufa 1655, wasimamizi wa mirathi wakamhesabu miongoni mwa watumwa. Akashtaki. Wakili wake alikuwa kijana wa Kiingereza, William Grinstead, ambaye alikuwa amekwisha kuzaa naye mtoto wa kiume.

Aliyemfaa sana mbele ya korti ni ajuza mmoja, Elizabeth Newman, mwenye umri wa miaka 80, aliyewahi kutumika kwa Mottram. Alieleza kwamba Virginia nzima ilijua huyu ni binti wa Key, na kwamba Key alitozwa faini katika korti ya Blunt Point kwa kumpa mimba mtumwa wake. Baraza la wazee wa korti likamwachia. Korti ya juu ikampokonya uhuru huo. Kamati ya bunge la koloni ikasema ni huru, apewe mahindi na nguo, na alipwe kwa miaka aliyozidishiwa. Julai 1656 akawa huru, na siku hiyohiyo ikatangazwa ndoa yake na Grinstead.

Sisi wa pwani tulisikia kwa wazee kwamba mtoto wa suria aliyezaa na bwana wake ni huru na hufuata nasaba ya baba. Hoja ya Elizabeth ilikuwa ya namna hiyo, kwa sheria ya Kiingereza, tena alikuwa amebatizwa. Ndiyo maana nilikereka karani alipoendelea: Desemba 1662 Virginia ikaamua mtoto afuate hali ya mama, na 1667 ikaamua ubatizo haumkomboi mtu. Hapo bwana akapewa ruhusa ya kuzaa watoto na kuwarithisha kama ng'ombe. Ile mistari ya sensa isiyo na majina ilianzia hapo, na nimeichukia sheria ile hadi leo.

Bibi aliomba nakala, senti 50 kwa ukurasa. Hakutaka hukumu, alitaka maneno ya Elizabeth Newman. "Hukumu waliandika wakubwa," aliniambia garini. "Huyu mzee alikwenda kusema anachokijua." Kuanzia juma lile akawa ananiita jioni nimwandikie aliyoyasikia kwa nyanya yake: nani aliuzwa, nani alizaa na nani, nani alikataa kuitwa jina la bwana. Madaftari hayo wanayo wajukuu zake, Baltimore.