Upepo Kwenye Breki

Anayeijua barabara ya kutoka Lushoto kushuka Mombo hahitaji kuelezwa breki ni nini. Kona moja haijaisha, nyingine imeanza, na bonde linakusubiri pembeni. Jumamosi moja, kabla sijateremka, nilikanyaga breki pedali ikazama kama nimekanyaga sifongo. Klachi nayo vivyo hivyo. Nikajua upepo umeingia kwenye mabomba. Mafuta ya breki hayagandamizwi. Ukikanyaga, nguvu yote inafika kwenye gurudumu. Upepo unagandamizwa, unameza nguvu ya mguu wako, na kwa nje gari linang'aa tu.

Kuutoa ni kazi ya watu wawili. Mmoja anakaa kwenye usukani, mwingine analala chini na spana namba 10, mpira mwembamba na chupa. Nyumbani alikuwepo kijana wangu tu, wa miaka 17, na kwa wiki tatu tulikuwa tunasalimiana basi. Nilimkemea mbele ya wazee wa kanisa kwa sababu ya mchango wa vijana uliopungua. Baadaye ikaonekana ni makosa ya kuandika, fedha zote zilikuwepo. Mimi nikanyamaza. Kila Jumapili naongoza maungamo na kutangaza ondoleo la dhambi. Katekisimo Ndogo ninayowafundisha watoto wa kipaimara inamtaka kila mtu ajipime katika nafasi yake, na baba ametajwa humo.

Tulianza na gurudumu la nyuma kushoto, lililo mbali zaidi na masta silinda.

"Kanyaga mara tatu, shikilia."

"Nimeshikilia."

Nalegeza skrubu ya kutolea upepo, mafuta meusi yanatoka na mapovu, nakaza, ndipo nasema, "Achia." Akiachia kabla sijakaza, upepo unarudi ndani. Kwa hiyo lazima kila mmoja amsikilize mwenzake, jambo ambalo lilikuwa limetushinda.

Gurudumu la tatu mapovu hayakuisha. Nikaanza kulaumu spana.

"Baba, umeangalia kikopo cha mafuta?"

Kilikuwa kitupu, tulikuwa tunavuta upepo mpya. Tukajaza, tukarudi gurudumu la kwanza. (Mafuta hayo yakidondokea rangi ya gari, mwagia maji haraka, yanaibabua.)

Nikiwa chini, nisipoona uso wake, nikasema, "Zile fedha, nilikukosea. Nisamehe, mwanangu."

Kimya. Mafuta yaliendelea kuchuruzika kwenye chupa.

"Nimeshikilia, baba. Kaza kwanza."

Nikakaza. Akaachia. Akasema, "Nimekusamehe." Tukaendelea hadi pedali ikawa ngumu, tukamalizia klachi. Nilipokuwa nanawa mikono akaniuliza, "Na wazee je?"

Swali hilo sikulitegemea. Nilitaka kumwambia kwamba yameisha, lakini hayakuwa yameisha. Nilimwaibisha mbele ya watu, nikamwomba radhi chini ya gari.

Kikao cha wazee kilikuwa Jumanne. Nililiweka jambo hilo la kwanza, kabla ya paa la kanisa.