Mianzi ya Kyoto na Mianzi ya Kamakura

Anayekwenda Japani kutazama mianzi hupelekwa kwanza Arashiyama, magharibi mwa jiji la Kyoto. Njia inapita kati ya mianzi mirefu iliyoficha anga, nayo imejaa watu, simu juu, wa nyuma wakiwasukuma wa mbele. Mahali hapo ni pazuri kwelikweli, ila hapana pa kukaa. Unapita tu.

Hekalu la Hokokuji, mjini Kamakura, lina utaratibu mwingine. Unashuka kwenye basi kituo cha Jomyoji, unavuka mto mdogo, na baada ya mwendo mfupi umefika langoni. Bustani iko nyuma ya ukumbi mkuu, nayo ni ndogo: mianzi ipatayo 2,000 ya aina ya moso, vijia vyembamba, taa za mawe zilizoota kuvu la kijani. Chipukizi la moso laweza kurefuka karibu mita nzima kwa siku moja. Likishafikia kimo chake, katika majuma machache, halirefuki tena wala halinenepi. Kwa hiyo kila majira ya kuchipua lazima mtu aamue lipi libaki na lipi ling'olewe, na mianzi iliyozeeka ikatwe. Pasipo panga, bustani hii ingekuwa kichaka cheusi. Mwanga ule wa kijani wanaousifu wageni ni kazi ya mikono, na nadhani wakataji wanastahili sifa kuliko mianzi.

Chipukizi lililong'olewa huliwa. Nilimkumbuka mgema wa Iringa, ambaye naye huuwahi mwanzi ungali mchanga wakati wa mvua, akaukata ncha ili ulanzi, pombe ya mwanzi, uchuruzike. Mianzi ya kule ni ya jamii nyingine, lakini pande zote mbili watu wamejifunza kwamba faida yake iko katika siku zile chache za uchanga.

Mwisho wa bustani kuna banda la chai, Kyukoan, lililo wazi upande wa mianzi. Tikiti ya chai hununuliwa langoni pamoja na ile ya kiingilio. Unaletewa bakuli la chai ya unga ya kijani na vipande vidogo vya sukari iliyogandishwa. Kwanza unakula kitamu, ndipo unakunywa kichungu. Mmea ni uleule wa Kericho na Mufindi. Kwetu majani husagwa na kuachwa yageuke rangi; huku mchai hufunikwa kivuli kabla ya kuchumwa, majani yakapigwa mvuke, yakakaushwa na kusagwa, nawe unayanywa yote. Hata kipekecho kinachotoa povu kimechongwa kwa kipande kimoja cha mwanzi.

Kamakura ina haki ya kujivunia chai. Tarikhi ya watawala wake inasimulia kwamba mwaka 1214 mtawa Eisai alimpelekea shoguni Sanetomo, mtawala wa kijeshi aliyekuwa akiugulia ulevi wa jana yake, chai pamoja na kitabu cha kuisifu.

Kando ya bustani yako mapango yaliyochongwa mwambani, makaburi ya ukoo wa Ashikaga. Hapo ndipo Kyoto na Kamakura zinapokutana. Inasemekana Hokokuji ilianzishwa mwaka 1334 kwa ufadhili wa ukoo huo. Tenryuji, hekalu linalopakana na mianzi ya Arashiyama, lilianzishwa mwaka 1339 na Ashikaga Takauji kumwombea Mfalme Go-Daigo, ambaye Takauji mwenyewe alikuwa amempindua. Karne moja baadaye tawi la ukoo huo la Kamakura liliwaasi ndugu zao wa Kyoto, likashindwa, na mwaka 1439 Yoshihisa, mwana wa kiongozi wa uasi na kijana mdogo bado, akajiua hapa Hokokuji.

Wageni wengi hupita mapango hayo bila kusimama, wakikimbilia chai. Ningependa wasimuliwe habari ya kijana huyo palepale langoni, wanaponunua tikiti.