Chini ya Maji ya Changuu

Sisi tuliozaliwa Kolwezi twajua mambo ya chini ya ardhi kuliko ya chini ya maji. Mtoto wa kwetu hulitambua jiwe la shaba kwa rangi yake ya kijani kabla hajajua kusoma. Lakini mwulize kuna nini chini ya maji, atakujibu neno moja tu: hatari. Wala hasemi uongo. Wakati wa mvua mashimo ya zamani ya migodi hujaa maji, nao watoto huyaona kama ziwa la kuchezea. Mmoja wa walimu wenzetu alifiwa na mdogo wake katika shimo la namna hiyo, na tangu siku ile hakuingia tena katika maji yapitayo magoti.

Mwalimu huyo alikuwa pamoja nasi, watu wanne, tulipokwenda Unguja wakati wa likizo ya mwezi wa Julai. Tulisafiri kwa basi kwa njia ile ile ya malori ya shaba: Lubumbashi, Kasumbalesa, nchi ya Zambia, Tunduma, hata Dar es Salaam, kisha tukavuka kwa meli. Siku ya pili asubuhi tulishuka pwani ya Mji Mkongwe, tukapatana na mzee mmoja mwenye mashua ya mashine, atupeleke kisiwa cha Changuu, mwendo wa nusu saa hivi.

Kisiwa ni kidogo. Kuna jengo la gereza lililojengwa mwaka 1893, ambalo badala ya wafungwa lilitumika kwa wasafiri waliotengwa kwa kuogopa maradhi ya kuambukiza. Kuna na kobe wakubwa mno, ambao wazee wao waliletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919. Lakini sisi tulikuja kwa ajili ya maji.

Mzee alitugawia miwani ya kuzamia, ifunikayo macho na pua, pamoja na mrija wa kuvutia pumzi: ncha moja huumwa kwa meno, ya pili hubaki juu ya maji. Akatufundisha kutema mate ndani ya kioo na kukisuuza, kisipate ukungu. Kupumua kwa kinywa polepole. Na kuelea kifudifudi bila kusimama, maana chini kuna wanyama wenye miiba mirefu kama ya nungunungu, na tena matumbawe hufa yakikanyagwa.

Mwenzetu alibaki ameketi, ameshika ubao wa mashua kwa mikono miwili.

“Mzee, mimi naogopa mayi,” alisema.

“Mayai?” mzee akashangaa. “Hapa hapana kuku, mwanangu!”

Ndipo tulipomweleza kwamba kwetu Katanga maji huitwa mayi. Tukacheka sote, hata yule mwenye hofu. Lakini alipokwisha kucheka tuliona machozi machoni pake. Mzee hakuuliza sababu. Alimvika jaketi la kuelea, akatangulia kushuka, akamnyoshea mkono. “Huogelei wewe,” alimwambia. “Unatazama tu. Maji ya chumvi yatakubeba.”

Na ndivyo ilivyo. Katika kila kilo ya maji ya bahari mna chumvi kadiri ya gramu 35. Kwa hiyo ni mazito kuliko maji ya mto, nayo humwinua mtu zaidi.

Tukainamisha nyuso. Mara kelele zote za juu zikakatika, tukasikia pumzi zetu wenyewe, na mlio mdogo kama wa kuni zinazopasuka motoni. Chini yetu vitatange wa manjano, wembamba kama sahani, walipita wawili wawili. Pono wa kijani, kijani kile kile cha jiwe la shaba, waliguguna matumbawe kwa meno yao. Kiti cha pweza chekundu kililala juu ya mchanga, na jua likachezacheza juu yake. Mkono wa mwenzetu, uliotubana kama koleo, ukalegea kidogo kidogo. Muda mrefu ukapita. Hata alipoinua uso alisema, “Kumbe chini kuna mwanga.”

Lakini si yote yaliyopendeza. Penye kina kifupi, ambapo nanga hutupwa na wageni husimama, matumbawe yalikuwa vipande vipande, meupe kama mifupa. Wengi hudhani tumbawe ni jiwe. Kumbe ni nyumba ya wanyama wadogo sana, na ndani ya miili yao hukaa mimea midogo zaidi inayowalisha. Bahari ikipata joto kupita kiasi, mimea hiyo hutoka, tumbawe hugeuka jeupe na huweza kufa. Ndivyo yalivyopatwa matumbawe mengi ya Bahari ya Hindi mwaka 1998. Mzee alituonyesha upande wa kusini kilipo kisiwa cha Chumbe, ambacho miamba yake ilihifadhiwa kwa sheria mwaka 1994. Huko hakuna ruhusa ya kuvua wala kutia nanga juu ya matumbawe, na samaki wake ni wa aina zaidi ya 400.

Hapo tuliikumbuka Kolwezi. Zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia hutoka katika nchi yetu, nayo hutiwa katika betri za magari yanayotumainiwa kupunguza moshi uletao joto hilo. Basi jiwe la kwetu limetumwa kuwasaidia samaki wa Changuu. Lakini mito yetu, Musonoi na Luilu, imepokea takataka za migodi hiyo hiyo. Nani atatumwa kuwasaidia samaki wa Musonoi? Wazee walisema: asiyekujua hakuthamini. Maji tusiyoyatazama ndani, twayaachia kuwa shimo la taka na kaburi la watoto.

Mwenzetu alinunua miwani moja kuukuu kwa yule mzee. Tuliporudi, alitualika pamoja na wanafunzi wachache kwenda ziwa la Nzilo, lililotokea Lualaba ilipozuiwa kwa bwawa mwanzoni mwa miaka ya 1950. Wavuvi walituonyesha mahali pasipo na mamba. Aliingia mpaka kifuani, akavaa miwani, akatia uso majini.

“Mwalimu, waona nini?” mtoto mmoja aliuliza.

“Mchanga,” akajibu, “na samaki wadogo watatu. Njoo utazame. Lakini kwanza shika mkono wangu.”