Gilgil Tukakunja Kulia

Tuanze na hesabu, maana hesabu ndiyo iliyonipa ujasiri. Kufikia tarehe 20 Desemba nilikuwa na shilingi 15,000 kwenye simu. Wateja wangu, watu wa Ulaya ninaowaandikia makala za kuuza magodoro na chakula cha mbwa, walikuwa wameshafunga ofisi, na malipo yao yangekuja katikati ya Januari, wakijisikia. Kwenda kwetu Kakamega: nauli 2,500 kwa sababu ni msimu, na kurudi 2,000. Shopingi ya mama, yaani unga wa ngano, sukari, mafuta ya kupikia, mchele na majani chai, 6,500 na hapo umejibana. Mchango wa mbuzi 2,000. Halafu zile noti za kukunja na kutia mikononi mwa wazee na masenge, dada za baba, huku ukisema "ya sabuni tu", 3,000. Jumla 16,000. Yaani ningefika nyumbani nikiwa na deni la 1,000, na bado sijanunua hata soda.

Nyahururu: nauli 800 kwenda, 600 kurudi. Chumba 1,200 kwa usiku, siku tano. Chakula 2,000. Jumla 9,400.

Najua unachofikiria. Mtu hapimi mama yake na nyumba ya kulala wageni kwa kalkuleta. Ni kweli, na kama pesa ingekuwa ndiyo shida peke yake, ningekopa kama nilivyokopa mwaka juzi na mwaka jana. Shida ilikuwa chapati na mwembe.

Chapati kwanza. Kwetu mimi ni kifungua mimba, tena msichana. Krismasi ya mwaka jana nilianza kukanda unga saa kumi na moja alfajiri, pakiti sita za kilo mbili mbili, na chapati ya mwisho ilitoka kwenye kikaango jioni watu wakiulizana kama bado ziko. Zilikuwa 112. Nilizihesabu kwa sababu hakukuwa na kitu kingine cha kufanya na akili yangu. Mdogo wangu wa kike alikuwa kwenye sufuria za nyama, mama kwenye ugali, masenge kwenye mboga na maagizo. Binamu zangu wa kiume walikuwa wamekaa kwenye viti vya plastiki wakijadili siasa, na mmoja, ambaye nampenda sana kwa kweli, alikuja jikoni mara nne kuuliza kama kuna "ka moja ka kuonja". Huku Nairobi tunapoambiana "naenda ushago kupumzika", sikiliza ni nani anayesema. Mapumziko ya yule yana mtu anayeyapika.

Sasa mwembe. Tarehe 26 ukoo mzima hukutana chini ya mwembe wa babu. Kila mtu anasimama, anajitambulisha, anaeleza amefika wapi. Huyu amepata kazi kaunti. Huyu amejenga mabati. Huyu ameoa, msimamishe tumwone. Mimi nilitoka chuo kikuu mwaka wa tatu. Kila mtu nyumbani kwetu anajua, lakini ukoo haujui, kwa sababu baba hajawahi kuuambia. Ukoo ulichanga karo yangu ya mwaka wa kwanza. Kulikuwa na hema, mchungaji na daftari la majina, na baba analo lile daftari mpaka leo. Basi zamu yangu ikifika, kabla sijafungua mdomo, baba husema kutoka kwenye kiti chake, "Huyu anamalizia malizia." Watu wanapiga makofi. Ninakaa. Amesema hivyo Krismasi tatu mfululizo. Sikuwahi kumwona baba akidanganya mtu kwa jambo lingine lolote, hata bei ya ng'ombe.

Sikuacha masomo kwa hasira wala kwa uvivu, na sitaki kueleza zaidi ya hapo. Nimeeleza vya kutosha katika miaka hii. Naandika. Nalipa kodi ya nyumba mwenyewe. Ni maisha madogo lakini ni yangu, na mara moja kwa mwaka huwa nasimamishwa mbele ya watu sitini ili yafichwe.

Kwa hiyo nilimpigia mama. Alinyamaza, kisha akauliza, "Nyahururu kuna nani?" Nikasema hakuna mtu. "Sasa unaenda kwa nani?" Mama hawezi kuelewa kwenda mahali pasipo na mtu, na simlaumu. Katika nchi hii safari ya Desemba haijawahi kuwa safari ya kwenda kuona mahali. Babu zetu waliajiriwa kwenye reli, mijini na kwenye mashamba ya walowezi, wake na watoto wakabaki nyumbani, na likizo ya mwisho wa mwaka ikawa ndiyo nafasi ya mtu kuonekana kwao akiwa hai na akiwa na kitu mkononi. Wakoloni waliondoka, nauli ikabaki inapanda. Asiyeonekana Desemba huulizwa, na akikosekana mara mbili hutafutiwa sababu.

Mdogo wangu hakuzunguka. "Sasa nani atapiga chapati?" Nikamtumia 1,000 amlipe msichana wa jirani amsaidie, na mama nikamtumia 2,000. Baadaye nilisikia mama aliichukua ile 1,000 pia akanunulia sukari. Chapati alipiga mdogo wangu. Hilo lilinikera kuliko yote, na bado linanikera, maana siku yangu ya kupumzika ilikatwa kutoka mgongoni mwake.

Matatu za Nyahururu hupakiwa kule Nyamakima. Tuliondoka tarehe 23 asubuhi, na hadi Gilgil tulikuwa pamoja na nchi nzima: mabasi ya Busia, ya Kisumu, ya Kakamega yenyewe, magodoro na majogoo juu ya paa, foleni kutoka Naivasha. Basi moja la kwetu lilisimama sambamba nasi kwa muda mrefu. Mama mmoja dirishani alikuwa na mtoto mapajani na baleti ya unga chini ya miguu, akanitabasamia kama tunayekwenda pamoja. Pale Gilgil wao wakaenda moja kwa moja kuelekea Nakuru, sisi tukakunja kulia. Nilitazama nyuma. Sitadanganya kwamba sikutazama.

Nyahururu iko zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, na mstari wa ikweta unapita karibu na mji. Kuna kibao cha kupigia picha. Unasimama katikati ya dunia umevaa sweta mbili. Wengi tunadhani baridi ya Kenya ni ya Julai peke yake, lakini ile ni baridi ya mawingu, ya kutwa nzima, ya kukunyima jua. Ya Desemba huku juu ni nyingine. Mchana jua linachoma kabisa, mbingu haina doa, na kwa sababu hakuna wingu la kufunika, jua likizama joto lote linapaa. Saa moja jioni unaona pumzi yako. Wakulima wa Nyandarua wanauogopa usiku mweupe wa namna hiyo, hasa Januari na Februari, maana unaweza kulala viazi vikiwa kijani na kuamka majani yamekuwa meusi kama yaliyomwagiwa maji moto. Baridi inayounguza.

Chumba changu kilikuwa cha mbao, uani kwa mama mmoja mzee nje kidogo ya mji. Watu wote walimwita Shosho, nami nikamwita Shosho. Kitanda kilikuwa na blanketi nne. Jioni ya kwanza aliniletea jiko la makaa, chupa ya mpira yenye maji moto ya kuweka miguuni, na onyo. "Jiko litoke nje kabla hujalala, umesikia? Hewa ya makaa haina harufu. Inakulaza tu." Saa tatu usiku alikuja mwenyewe na tochi kuhakikisha nimelitoa. Kila usiku, siku zote tano.

Sijui nielezeje utamu wa kuwa na baridi na kutokuwa na kazi. Nyumbani joto la Desemba linakutoa nje. Huwezi kujificha, milango iko wazi, watu wanaingia na kutoka, jasho, nzi, muziki. Baridi inakukunja. Inakupa sababu ya kukaa kimya ambayo hakuna anayeidai maelezo. Nililala saa kumi na mbili mfululizo. Nikaamka nikanywa chai ya maziwa mazito ya huko, yenye utando juu, nikiwa bado ndani ya blanketi, nikasoma, nikalala tena. Sikuosha hata kijiko. Siku ya pili mikono yangu ilianza kutafuta kazi yenyewe. Nilienda jikoni kwa Shosho nikaomba kumenya viazi, akanifukuza. "Si umelipa?"

Tarehe 25 nilitembea hadi kwenye maporomoko, yale yaliyopewa jina la Thomson, Mskoti aliyepita hapo mwaka wa 1883. Maji ya Ewaso Narok yanaanguka mita 74, na ukisimama ukingoni unapigwa na ule ukungu wa maji usoni. Kulikuwa na familia nzima nzima, watoto na nguo mpya zilizowazidi kidogo, mababa wakipiga picha. Mpiga picha mmoja aliniuliza, "Madam, uko peke yako? Leo?" Nikasema nasubiri watu. Mara nikajisikia baba amesema kwa mdomo wangu.

Jioni hiyo ilikuwa ngumu. Simu ilijaa picha: mbuzi, mwembe, mdogo wangu amefunga leso kichwani, uso unang'aa mafuta na uchovu. Nikawa nimekaa kwenye kiti nimejikunyata. Shosho akabisha hodi, akaniambia nikale kwake.

Meza ilikuwa imeandaliwa watu sita. Kuku, mukimo, wali, kabeji, na soda mbili kubwa zilizopangwa katikati. Tulikuwa wawili. Nilidhani wengine wako njiani. "Hawaji," akasema akinipakulia. Mmoja yuko Marekani. Wa pili yuko Nairobi, ana gari, ana watoto wawili, na mke wake hawezi baridi. Walikuwa wameahidi, halafu asubuhi wakatuma pesa. Alisema "wakatuma pesa" bila uchungu wowote, kama anayetaja hali ya hewa, nami nikafikiria ile 2,000 yangu. Nilitaka kumtetea yule mwanawe. Nilitaka kumwambia labda huyo mke amechoka kupiga chapati. Nilitaka pia kumpigia simu yule mwanamume na kumwambia aje sasa hivi, ni saa nne tu barabarani. Sikusema lolote. Alinipa paja la kuku na firigisi, na kwetu firigisi ni ya mwenye nyumba, haliwi na msichana. Nikaila. Ilikuwa tamu.

Kabla ya kulala nilimwomba aniache nioshe vyombo. Safari hii alikubali, na akakaa hapo hapo kwenye kigoda akiota moto, akiniambia ni sufuria ipi inaanikwa wapi.

Mdogo wangu alinipigia tarehe 27. Alinilaumu kwanza dakika kumi, nikamwacha, alikuwa na haki. Kisha akacheka. "Unajua baba alisema nini pale kwa mwembe?"

"Ninamalizia malizia."

"Hapana. Senge alimuuliza mbona hujakuja. Akasema uko na mtihani."

"Mtihani? Boxing Day?"

"Ati mtihani. Na watu wakaitikia, mmoja akaomba uombewe. Umeombewa, dada. Mchungaji alisimama."

Tulicheka hadi nikatoa machozi, na baada ya kukata simu machozi hayakusimama upesi. Nilimpigia baba jioni. Nimepewa jina la mama yake, kwa hiyo ananiita Mama, hata akikasirika. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno, nilikuwa hata nimeyaandika. Nilitaka kumwambia mwaka ujao nitakuja, lakini nitasimama mwenyewe na kujisemea.

"Mama," akasema. "Huko kuna baridi kweli?"

"Kuna baridi, baba. Usiku unaona pumzi."

"Ni ya kuunguza viazi?"

"Wanasema hiyo inakuja mwezi ujao."

"Na gunia ni pesa ngapi?"

Nikamwambia la kilo hamsini ni 1,800 pale barabarani. Akapiga mluzi. Akaniuliza ni vyekundu au vyeupe, vya chips au vya kuchemsha, na kama wanajaza hadi juu au wanadanganya. Tuliongea viazi kwa robo saa. Mwishoni nikamwambia, "Baba, mtihani niliumaliza." Akanyamaza. Nilisikia kuku nyuma yake, na mtu akiburuta kiti.

"Utume kwa gari la usiku," akasema. "Nitakuwa stendi mapema."

Kesho yake nilinunua gunia. Shosho alilichagua mwenyewe, akalifungua na kutoa vilivyooza, akagombana na muuzaji hadi akaongeza. Kupakia hadi Nakuru na kuhamishia gari la Kakamega walinitoza 500. Kwenye karatasi ya mizigo kijana aliniuliza aandike nani ndiye mtumaji, na kazi yake. Nikamwambia aandike mwandishi. Aliandika "mwadishi", nikaiacha hivyo, gari lilikuwa linaondoka. Nilibaki na 300 ya kuanzia Njaanuari.