Kusi na Kaskazi Malindi

Sisi tuliozaliwa bara, karibu na Ziwa Viktoria, huhesabu mwaka kwa mvua. Ya kwanza hutuita shambani mwezi wa Machi, ya pili mwezi wa Septemba, na katikati ni jua na vumbi. Upepo kwetu ni kitu cha kuangusha migomba tu, wala hakuna aulizaye umetoka wapi. Malindi sivyo. Huko mvuvi akiamka alfajiri, hata kabla ya kunywa chai, hutoka nje kutazama minazi imeinamia upande gani.

Mwaka jana nilipata bahati ya kwenda huko mara mbili, likizo ya mwisho wa Agosti na ile ya Desemba, kwa kuwa mjomba wangu alihamia kule kwa kazi ya useremala, akaoa. Mkwewe, ambaye sote twamwita Babu, ni nahodha wa mashua ya uvuvi, naye ndiye amlipiaye ada binamu yangu aliye Kidato cha Pili. Wenzangu wengi hapa shuleni wamedhani nilikwenda kustarehe. Nilistarehe kweli, lakini niliona pia jinsi upepo unavyoweza kumtoa mtoto darasani.

Pepo ni mbili. Kusi huanza kama mwezi wa Aprili pamoja na masika, huwa kali Juni na Julai, na mwezi wa Agosti bado ina nguvu. Kaskazi huvuma kuanzia Novemba au Desemba hata Machi. Kati ya hizo bahari hutulia na upepo hauna msimamo, na wakati huo wenyeji huuita tanga mbili.

Wanaosoma historia watakumbuka kwamba Vasco da Gama alifika Malindi mwezi wa Aprili 1498. Alipata rubani huko, akatweka tanga tarehe 24, akafika pwani ya Bara Hindi kabla ya mwezi mmoja kupita. Kurudi hakungojea kaskazi. Aliondoka mwanzoni mwa Oktoba, akahangaika baharini miezi mitatu, mabaharia wake wengi wakafa kwa kiseyeye, ndipo akaiona tena Malindi Januari 1499. Nilipomsimulia Babu habari hizo alicheka sana. "Kwenda aliuliza," akasema, "kurudi hakuuliza."

Basi, nilipofika safari ya kwanza, mashua ya Babu ilikuwa imelala ufuoni kati ya marundo ya majani ya bahari. Kwa majuma mawili alitoka mara nne tu, tena ndani ya miamba, na alichopata kilitosha kitoweo. Shule za Kenya zilifunguliwa. Binamu yangu alirudishwa nyumbani akalete ada, na ada ilikuwa bado imo baharini. Kila asubuhi alichukua madaftari yake tukaenda chini ya mkungu, nami nikamfundisha hesabu kadiri nilivyoweza. Siku moja aliniuliza, "Kwenu nako upepo hufunga shule?" Nikamjibu kwamba kwetu ni bei ya kahawa. Tukaendelea na hesabu.

Jioni tulitembea. Tulikwenda hata mlango wa mto Sabaki, kaskazini ya mji, tukaona viboko wamelala majini karibu kabisa na mahali mto unapokutana na bahari. Siku nyingine tuliingia msitu wa Arabuko-Sokoke. Huko anaishi sange mkubwa kama sungura, mwenye pua ndefu na matako ya rangi ya dhahabu (wadogo wa Kidato cha Kwanza msicheke, ndivyo alivyo), ambaye haonekani ila katika misitu michache ya pwani ile. Tulimwona kwa muda wa kupepesa jicho, akatoweka katika majani makavu.

Mwezi wa Desemba nilikuta mji mwingine. Kaskazi ilikuwa imeanza, nayo huyasukuma maji ya Sabaki kuelekea mjini, hata bahari mbele ya Malindi ikageuka nyekundu kwa udongo wa bara. Huko Mida, maji yakitoka, matope hujaa ndege wageni. Wengine wamezaliwa Siberia. Wengine, weupe wenye migongo myeusi, hula kaa, na hutaga mayai katika mashimo ya mchanga huko pwani za Bara Arabu.

Babu alinichukua baharini mara moja. Nilitapika, sitaficha, lakini tulirudi na jodari wawili na nguru kadhaa, na wachuuzi walikuwa wakingoja majini mpaka magotini. Usiku alihesabu fedha mafungu matatu: la dukani, kulipa deni la unga wa wakati wa kusi, la nyavu, na la tatu alilitia mkebeni. Binamu yangu aliutazama mkebe ule kuliko alivyomtazama jodari. Mwezi wa Januari aliingia darasani siku ya kwanza.

Wapo wasemao wavuvi hawajui kuweka akiba. Mimi niliyeona mafungu yale sikubali. Kaskazi hulipa kwanza madeni ya kusi, ndipo inapoanza kulipa yake. Nionavyo, shule iliyo karibu na bahari ingeweza kumwuliza mvuvi ni mwezi gani anaweza kulipa, kama vile huku kwetu mkulima anavyongojewa avune.

Barua ya binamu yangu ilifika juma lililopita. Aandika kwamba tanga mbili imeingia na ndege wa Mida wanaondoka makundi kwa makundi. Mashua imepandishwa ufuoni, naye humsaidia Babu kutia kalafati na kupaka sifa kila atokapo shule. Katika mkebe imo ada ya muhula wa pili, na nusu ya ada ya muhula wa tatu.